Kabla Turubai Halijashushwa: Namna ya Kuandika Wasifu wa Baba Aliyekuwa Mtu wa Watu

Asubuhi ya msiba wa baba yangu, pale Korogwe, jambo la kwanza lililotushinda halikuwa jeneza wala kaburi. Lilikuwa ufunguo. Kwa miaka mingi baba ndiye aliyetunza vyombo vya chama cha kuzikana cha mtaa wetu: sufuria kubwa, sahani, majagi, mikeka na maturubai mawili. Kilio kikitokea usiku, mtu alimgongea dirisha, naye akatoka na tochi kwenda kufungua stoo. Sasa kilio kilikuwa chake. Wapishi walisimama uani mikono mitupu, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyejua ufunguo unakaa wapi. Jirani ndiye aliyeingia jikoni kwetu, akasogeza kanga ya mama iliyotundikwa nyuma ya mlango, akautoa kwenye msumari.

Kesho yake baba mkubwa alisoma wasifu. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa reli, akaoa, akastaafu, akaugua, akafariki. Alikuwa mcheshi, mchapakazi, mwenye kupenda ushirikiano. Hapakuwa na uongo hata kidogo, lakini karatasi ile ungeweza kuisoma katika msiba wowote wa mwanamume wa makamo yake kuanzia Tanga hadi Kigoma. Vyombo havikutajwa. Sikumlaumu baba mkubwa, kwa kuwa tulimkabidhi kalamu saa nne usiku wa kuamkia mazishi.

Tangu siku ile, ndugu na majirani wakifiwa huniita nikae nao tuandike. Nimegundua kwamba kumwandika baba aliyeipenda familia yake na papo hapo akautumikia mtaa kuna ugumu wake. Habari zake zimekaa kwa watu tofauti. Nyumbani wanajua alichelewa kurudi. Hawajui alikuwa wapi. Mtaani wanajua alifika wa kwanza. Hawajui aliacha nini nyumbani. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na watu wa aina hii huutii usemi huo hasa: hawaandiki popote walichotenda. Siku za msiba ndizo pekee ambazo wote waliobeba kipande chake hukaa chini ya turubai moja. Mwongozo huu ni wa siku hizo chache.

1. Mpeni mtu mmoja kalamu, jioni ya kwanza

Kikao cha kwanza cha wafiwa hugawa kazi: nani atafuata jeneza, nani atashughulikia usafiri, nani chakula, nani kaburi. Wasifu hauingii kwenye orodha. Uingizeni. Mchagueni mtu mmoja, mpeni daftari na kalamu, na msimtume tena sokoni wala mochwari.

Si lazima awe mkubwa kuliko wote au msomi kuliko wote. Mjane msimpe kazi hiyo. Yeye ataulizwa kwa upole, kwa wakati wake. Mara nyingi anayefaa ni mpwa, mkwe au mjukuu: mtu wa ndani anayeweza kumkalia mzee karibu akamuuliza, na ambaye machozi hayajamzidi. Mzee wa familia atabaki na kazi yake ya kupitia na kuidhinisha kabla ya kusomwa.

2. Wekeni daftari la pili mezani

Kila msiba una meza yenye daftari la rambirambi. Mtu hufika, hutoa alichonacho, huandikwa jina na kiasi, akaenda kukaa. Pembeni ya daftari hilo wekeni jingine, na kijana wa kulisimamia. Aulize kwa adabu: "Shikamoo mzee. Wewe na marehemu mlifahamiana wapi? Mliwahi kufanya nini pamoja?" Aandike kwa maneno ya msemaji, pamoja na jina na namba ya simu, ili mkitaka ufafanuzi mjue pa kupiga. Asiyependa kuandikwa na arekodiwe kwenye simu, kwa ridhaa yake.

Msiulize, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Jibu lake mnalijua: alikuwa mtu mzuri. Ulizeni mambo ambayo mtu hawezi kuyajibu bila kusimulia:

- Mara ya mwisho kumwona alikuwa anafanya nini?
- Siku gani ulimhitaji akaja? Alikuja na nini mkononi?
- Kazi gani mtaani hapa itasimama kwa kuwa hayupo?
- Alikuwa mkali kuhusu jambo gani?
- Alipenda kusema neno gani?

Kisha mwenye daftari ainuke kitini. Aende kwa wapishi, kwa wachimba kaburi, kwa vijana wa bodaboda, kwa balozi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa mwalimu wa shule aliyoifanyia kazi kwenye kamati, kwa muuguzi wa zahanati. Na asimkose mtani.

Usiku wa kuamkia mazishi, mtani wa baba alivaa koti lake la kazi, akaokota kijiti akakishika kama kalamu, akajifanya anapokea vyombo. "Moja, mbili, tatu… hii ina ufa. Nani ameipasua? Mwandike! Sufuria hii geuza nione tako lake." Watu walicheka machozi yakiwatoka, maana ni yeye kabisa, hadi kikohozi chake kabla ya kusema "mwandike". Kwa dakika tano tulipata ambayo wasifu haukuyapata: kwamba baba alihesabu mara mbili, na kwamba sufuria yenye masizi aliirudisha kwa aliyeileta. Mtani hana haja ya kumpamba marehemu. Kaa naye karibu na uandike.

3. Tafuta tarehe, na pasipo na karatasi tumia matukio

Anza na nyaraka: cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, cheti cha ndoa, barua ya ajira na ya kustaafu, kitambulisho cha taifa, kadi za vyama na vikundi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti, kisha ndipo lije jina ambalo watu walimwita. Kifo kinatakiwa kusajiliwa kwa wakala wa usajili, RITA, ndani ya siku 30, na familia itahitaji cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha familia itakapofungua mirathi mahakamani. Jina likiandikwa hivi huku na vile kule, usumbufu utaanzia hapo.

Wazee wengi wana kumbukumbu nzuri ila hawana tarehe. Usimuulize shangazi kaka yake alioa mwaka gani. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo lililogusa nchi nzima: vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mvua za El Nino za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Shangazi atasema, "Tulikuwa tumerudi kutoka harusini ndipo redio ikatangaza habari za Sokoine," nawe mwaka umeshaupata. Mkishindwa kabisa, andikeni "miaka ya mwanzo ya 1980". Msibuni.

4. Zifuatilie kazi alizojitolea mpaka mwisho wake

Hapa ndipo wasifu nyingi zinapokwama kwenye "alikuwa mstari wa mbele katika shughuli za maendeleo". Shughuli zipi? Kama alikuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliza kama alifundisha kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na walimu wengi wa madarasa yale ya jioni walikuwa wanakijiji tu waliojua kusoma. Uliza kuhusu kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973, watu walipokusanyika kusikiliza redio kwa vikundi kisha wakaenda kuchimba vyoo. Uliza kama alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtunza bomba wa kamati ya maji, mweka hazina wa kikoba, mchangia damu, mwanachama wa Msalaba Mwekundu, mwongozaji wa kwaya, kiongozi wa msaragambo.

Ushahidi mara nyingi umo ndani ya nyumba: kadi ya mchangia damu, muhuri, mihtasari ya vikao iliyokunjwa ndani ya Biblia au msahafu, madaftari yenye jalada lililochakaa. Hesabu kilichomo. Madaftari ya baba yalikuwa matatu, yenye safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, kilio cha nani, vilivyotoka, vilivyorudi. Tulipokaa baadaye kuyahesabu tulipata misiba 214. Jioni 214 ambazo sisi watoto tulizijua kama jioni ambazo baba hayupo.

Ila tahadhari na kuzidisha. Kisima kilichochimbwa na mtaa mzima kisiwe kisima chake. Kama kazi yake ilikuwa kutunza kamba na ndoo, sema alitunza kamba na ndoo, kwa miaka mingapi, na kamba ikikatika nani alinunua nyingine. Walioshika majembe pamoja naye wamekaa mbele yako wanasikiliza. Ukimpa sifa ya wengine, hata iliyo yake wataipokea kwa shaka.

5. Mwandike na aliyebaki nyumbani

Sasa rudi ndani, kwa mjane na watoto. Usiende na maswali kumi. Kaa, mpe pole, uliza moja tu: "Mama, siku yake ya kawaida ilikuwaje?"

Nilipomuuliza mama yangu, baada ya matanga, alinijibu akiwa anachambua mchele: "Mwanangu, miaka yote ile mimi nilikuwa nafunika chakula. Siku akiwahi kurudi nilikuwa namuuliza kama anaumwa." Kisha akanieleza mengine. Vyombo vilivyorudi na masizi baba alipokuwa safari, yeye ndiye aliyevisugua. Dirisha likigongwa usiku, yeye ndiye aliyeamka kwanza, kwa kuwa baba alikuwa na usingizi mzito. Misiba 214 ilikuwa ya watu wawili, na madaftari yalikuwa na mwandiko wa mmoja.

Kwa hiyo ukiandika kuhusu mwanamume aliyejitolea, mtaje mke aliyemwezesha kutoka. Wataje watoto kwa mambo, si kwa idadi tu: nani alipelekwa shule kwa baiskeli, nani alifundishwa kushona kiatu, nani alikaguliwa daftari kila Jumapili. Kuwa mtu wa watu kuligharimu muda wa nyumbani. Jambo hilo lisemwe kwa heshima, bila kulificha na bila kulitumia kama mashitaka.

Kuna mambo ambayo lazima kikao cha familia kiyamalize kabla karatasi haijasomwa. Watoto wote watajwe, wakiwemo wa ndoa ya awali na waliozaliwa nje ya ndoa. Mtoto anayesikia majina ya wenzake yakisomwa lake likirukwa hatasahau maisha yake yote. Ugonjwa utajwe tu kama mjane na watoto wameridhia. Madeni, viwanja na ugomvi wa ukoo havina nafasi pale. Mirathi ina mahali pake.

6. Andika kwa vitendo, na kwa pumzi fupi

Wazee wetu wamezoea mpangilio unaoanza na jina, wazazi na mahali pa kuzaliwa, ukafuata elimu, kazi, ndoa na watoto, huduma kwa jamii, ugonjwa na kifo, kisha shukrani. Mpangilio huo ni mzuri; watu huufuata hata wakiwa na majonzi. Usiuvunje, bali kila kituo kipe tukio moja linaloonekana.

Badala ya kuandika:

"Marehemu alikuwa na moyo wa kujitolea na alipendwa na jamii nzima."

Andika:

"Marehemu alitunza vyombo vya chama chetu cha kuzikana hadi alipougua. Alihesabu kila sahani ikitoka na ikirudi. Sahani ikipotea, alinunua nyingine kwa pensheni yake, wala hakumdai mfiwa."

Sentensi hizo tatu hazina neno la sifa hata moja. Sifa ataitoa anayesikiliza, na ikitoka kwake itakaa.

Lugha yetu ina mfano wa siku nyingi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Ila mwanamke huyo alitoka Fumba akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, na hadi leo anayemsimulia Siti huanza na vile vyungu. Tafuta vyungu vya marehemu wako. Vinaweza kuwa baiskeli, filimbi ya refa, tochi, au bunda la funguo.

Urefu usizidi dakika saba. Jisomee kwa sauti huku ukitazama saa ya simu, polepole kama atakavyosoma mtu mwenye majonzi. Sentensi ziwe fupi, kwa sababu msomaji ataishiwa pumzi. Andika kwa herufi kubwa, ruka mstari, upande mmoja tu wa karatasi. Na awepo msomaji wa pili amesimama nyuma yake na nakala mkononi; wa kwanza akizidiwa, wa pili aendelee pale pale, bila kuitwa.

7. Uliza lini na wapi usomwe

Kwa Wakristo wasifu husomwa siku ya mazishi, nyumbani au ibadani. Mwone mchungaji, padri au katekista mapema akupe nafasi na muda. Waislamu huharakisha mazishi, mara nyingi siku ile ile, na makaburini ni mahali pa dua. Hapo msilazimishe. Daftari la pili liendelee kuandikwa siku zote za matanga, na wasifu usomwe siku ya hitma au arobaini, baada ya kushauriana na sheikh au imamu. Nimeona misiba ambayo kusubiri huko kuliwasaidia wafiwa: watu walikuwa wametulia, na waliotoka mbali walikuwa wameshafika.

8. Usiache vitu vipotee

Wiki ya kwanza baada ya mazishi, kabla watoto hawajatawanyika kurudi Dar, Arusha au Nairobi, fanyeni mambo manne.

- Pigeni picha kila ukurasa wa daftari la pili, na mhifadhi kwenye simu tatu tofauti.
- Okoeni ujumbe wa sauti aliowatumia kwenye WhatsApp. Simu hupotea, na sauti yake huenda nayo. Hamisheni kwenye kompyuta au flashi.
- Kaeni na mjane mkiwa na picha za zamani. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli nani ni nani, wapi, na lini kadiri mnavyojua.
- Chapeni wasifu. Nakala moja ibaki kwa kila mtoto, moja iende kwa kila kikundi alichokitumikia, nyingine iwekwe pamoja na vyeti vya familia. Ipo siku mjukuu ataiulizia.

9. Kabidhini kazi yake mbele ya watu

Siku ya kuondoa matanga, ulizeni hadharani: marehemu alikuwa ameshika nini cha watu? Inaweza kuwa fedha za kikoba, muhuri wa kamati, ufunguo wa msikiti au kanisa, pampu ya kisima, jezi za timu ya watoto. Kila kitu kiletwe uani, kihesabiwe mbele ya wenyewe, kiandikwe, na pande mbili zitie saini. Hilo huilinda familia na minong'ono ya baadaye. Zaidi ya hayo, mtu aliyejitolea hukumbukwa kwa kazi yake kuendelea kufanywa. Wasifu mzuri ambao mwishoni mwake kisima kimefungwa umemwacha marehemu nusu.

Sisi tulikabidhi vyombo siku ile. Chama kilimchagua kijana mmoja dereva wa bodaboda, ambaye kilio cha mama yake kimo kwenye daftari la baba. Alikaa kwenye kigoda, akahesabu sufuria, akazigeuza moja moja kutazama tako, akahesabu sahani mara mbili. Halafu akafungua ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wa baba. Msiba wa mwisho aliouhudumia: sahani 40 zimetoka, 39 zimerudi.

"Kaka," aliniuliza, "hii moja iko kwa nani?"

Mama alinyanyuka bila kusema neno, akaingia jikoni, akarudi nayo. Baba alikuja nayo usiku ule wa mwisho, imejaa pilau ya msibani aliyomletea yeye. Mama aliiosha, na tangu siku ile ndiyo aliyokuwa akifunikia chakula cha baba.

Kijana aliipokea kwa mikono miwili. Akaandika 40.